Riwaya ya mapenzi ya enzi za Mdachi (Mjerumani) na vita ya Maji Maji: maswali mnayoniuliza kila siku

Ndugu zangu, tangu watu wasikie nimemaliza riwaya yangu ya Kilwa na Umatumbi, vilima vya nyuma ya Kilwa, ya mwaka 1905 simu haipumziki, kuna wanaotaka kuandika ya kwao, kuna wanafunzi, kuna wasomaji tu wanataka kujua kipi cha kweli na kipi nimetunga. Maswali ni yaleyale kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja, mengine nimejibu kwa kirefu maana yamenikaa moyoni, mengine kwa kifupi.

Kwanini mapenzi? Watu walikuwa wanakufa, si ni kuwakosea heshima?

Hili ndo la kwanza kila siku na silichukulii vibaya, hata mimi nilijiuliza sana. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia habari za vita alizohadithiwa na mama yake, na hakuanza na bunduki hata siku moja, alikuwa anaanza hivi, "basi yule alikuwa na mchumba wake kule ng'ambo ya mto". Halafu ndo bunduki zinakuja. Mimi nimekuzwa na hadithi iliyopangwa hivyo. Watu wa 1905 walikuwa wanaposa, wanaoneana wivu, wanasubiriana kisimani, wanagombana kwa mahari. Ukiwaandika kama watu wa kuchapwa na kunyongwa tu, kurasa zote mia tatu, msomaji atawahurumia lakini hatawajua, na mtu usiyemjua hata akinyongwa kwenye ukurasa wa mwisho unafunga kitabu unaenda kula.

Nianzie mwaka gani?

Inategemea mkoa wako. Kama hadithi yako ni ya Pangani au Bagamoyo basi vita yako ni ya Abushiri, 1888 mpaka 1889. Kama ni Uhehe basi ni Mkwawa, kuanzia mapigano ya Lugalo 1891 hadi alipojiua 1898 asikamatwe. Kusini ndo Maji Maji, 1905 hadi 1907. Tafadhali usichanganye, nimeshaletewa mswada ambao Abushiri na Kinjikitile, yule mganga wa Maji Maji, wanakutana, wakati Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Ukoloni niuingizeje? Nimeandika mapenzi na nimeandika vita lakini naona kama vitabu viwili tofauti

Hapa ndo penye kazi yenyewe na ndipo nilipokosea kwenye rasimu yangu ya kwanza. Nilikuwa na wapenzi wawili wanapendana sura ya kwanza, vita inakuja sura ya kumi inawatenganisha, wanatafutana, mwisho. Edita aliyeisoma akanirudishia akaniambia hii ingeweza kuwa mafuriko badala ya vita na hakuna kitu kingebadilika. Nikalia kwa kweli, ila alikuwa sahihi.

Jibu nililolipata ni hili: usimweke Mdachi nje ya nyumba anasubiri sura ya kumi. Mweke ndani ya mapenzi yenyewe toka mwanzo, maana ndivyo ilivyokuwa. Angalia kodi. Mwaka 1898 Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba ya kawaida ya kijijini. Kwa NYUMBA. Sasa fikiria kijana anataka kuoa, mila inamtaka ajenge nyumba yake, na akishasimamisha nguzo na kukandika udongo tu tayari anadaiwa rupia tatu na hana hata moja. Kwa hiyo anachelewa kujenga, na akichelewa kujenga baba wa binti anaona huyu hana nia. Binti anaambiwa mchumba wako muongo. Hapo hujaandika bunduki hata moja na ukoloni umeshakaa katikati yao. Halafu mwaka 1905 wakabadilisha, ikawa kodi ya kichwa.

Angalia pamba. Kuanzia 1902 kusini na Dar es Salaam watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida, yaani wakuu wa vijiji na wasimamizi wa serikali waliokuwa juu yao. Shamba la pamba linataka mikono wakati uleule ambao shamba lako la mtama linataka mikono. Kijana wangu kwenye riwaya alikuwa ameahidi kwenda kumlimia mama mkwe, hakwenda, alikuwa kwenye pamba ya akida anasimamiwa na mtu mwenye kiboko. Mama mkwe hataki kusikia sababu anasema mtu akitaka kuja anakuja. Sura hiyo niliiandika mara tisa na ndo ninayoipenda kuliko zote.

Na kiboko chenyewe kiandike kwa uangalifu. Adhabu ilikuwa viboko 25, watu wakaiita hamsa ishirini, na ilikuwa hadharani, bomani, watu wanahesabu. Wengi mnaandika maumivu ya mgongo na mnaishia hapo. Aibu je? Mwanaume aliyelazwa chini mbele ya watu, na mchumba wake yupo kwenye hao watu kaja kuuza muhogo, yule kijana ataenda vipi kwao jioni? Atavaa nini mgongoni? Yule binti atajifanya hakuwepo? Mimi wa kwangu alijifanya hakuwepo, mwaka mzima, na kijana alijua alikuwepo maana aliuona muhogo wake umebaki kwenye ungo bila mwenyewe.

(Kwa wale mnaoandika mwanamke anahukumiwa viboko bomani: kanuni za Wadachi wenyewe ziliwatoa wanawake kwenye adhabu hiyo. Mateso kwa wanawake yalikuwepo tena mengi, ila yalipita njia nyingine, mengine kwa askari na wasimamizi huko mashambani ambako hakuna aliyekuwa anaandika.)

Ni kweli utumwa ulikuwepo wakati wa Mjerumani? Si walisema wamekuja kuufuta?

Ulikuwepo. Biashara ya kusafirisha na kuuza watumwa waliipiga vita ila kumiliki mtumwa wa nyumbani hawakukufuta mpaka wanaondoka, umekuja kufutwa kabisa Tanganyika mwaka 1922 chini ya Mwingereza. Zanzibar ilikuwa 1897. Watu wengi wakiisoma hii wanashtuka.

Na kwa mwandishi wa mapenzi hapa pana mambo mazito. Mtumwa alikuwa haoi wala haolewi bila idhini ya bwana wake. Mahari ya mwanamke mtumwa ilikwenda kwa bwana. Na mtoto alifuata hali ya mama, yaani mama akiwa mtumwa na baba mwungwana, yaani mtu huru, ambaye siye bwana wake, mtoto ni wa bwana. Kwa hiyo mwanaume anayempenda binti mtumwa wa Kilwa Kivinje anajua kabisa kwamba watoto wake hawatakuwa wake. Sheria ya 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha akapewa hati, sasa fedha hiyo inatoka wapi na kodi ipo? Mimi wangu alikuwa anashusha mpira na nta kutoka vilima vya Umatumbi mpaka Kivinje, mwendo wa siku mbili na zaidi na mzigo kichwani, anaweka rupia mojamoja kwa Mhindi mwenye duka.

Halafu kuna amri moja ya Desemba 1904 ambayo nilipoisoma nilisimama nikatoka nje kutembea. Ilisema mtoto atakayezaliwa na mtumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Yaani aliyezaliwa usiku wa tarehe 31 ni mtumwa, aliyezaliwa siku ya pili yake ni huru. Na hiyo tarehe inaangukia katikati ya vita! Riwaya yangu yote imesimama juu ya siku hiyo moja.

Ngarambe ilikuwaje? Nataka wapenzi wangu wakutane huko

Umechagua vizuri sana. Kabla ya vita habari zilisambaa kwa siri, mtu kwa mtu, Wamatumbi waliita njwiywila, mnong'ono wa siri, na ukitaka kuusikia ulikuwa unatoa pesa moja. Mnong'ono ulisema mwaka huu ni mwaka wa vita, yuko mtu Ngarambe kapandwa na pepo, ana dawa. Huyo ndo Kinjikitile Ngwale, na dawa yake ni maji ambayo watu waliamini yanazuia risasi. Watu wakaanza kwenda kwa makundi, na wazee waliohojiwa miaka ya 1960 walikuwa wanakumbuka kwamba ilikuwa kama watu wanaosindikiza harusi, nyimbo, ngoma, vigelegele njia nzima, wakifika wanalala hukohuko wanacheza likinda, ngoma ya mazoezi ya vita, kila kundi na lake.

Hebu simama hapo kwanza. Watu waliokuwa wanaishi kwa amri ya akida, pamba, kodi, leo wako njiani wanaimba na hawajaomba ruhusa kwa mtu, Wamatumbi na Wangindo na wengine ambao kwa kawaida hawachanganyiki wako pamoja usiku mmoja. Kama kuna usiku kijana anaweza kumshika binti mkono mbele za watu na asiulizwe ni ule. Usiukimbilie, upe kurasa.

Ila kuna jambo waandishi wengi hawalijui na ni kama zawadi kwako. Dawa ilikuwa na miiko, na mmoja wa miiko kwa wapiganaji ulikuwa kutolala na mwanamke wakati wa vita. Kuna na kutopora. Kwa hiyo maji yaleyale yanayowapa tumaini yanawaambia pia kaeni mbalimbali. Sasa risasi zilipoanza kuwaangusha, swali lililozuka vijijini ni nani kavunja mwiko. Unaona hiyo inavyomwingia mtu aliyelala na mke wake usiku wa kuamkia vita kwa sababu alihofia hatarudi? Ndugu yake akianguka siku ya pili atajiona yeye ndo kamuua. Mwanamke naye atabeba siri hiyo kijijini. Hii sijaitumia yote, chukueni.

Lugha. Nitajuaje neno lipi lilikuwepo?

Neno linalowaangusha wengi ni hela. Hela imetoka kwenye heller, sarafu ya Mdachi iliyoanza 1904, heller mia kwa rupia. Kabla ya hapo rupia ilikuwa na pesa 64. Kwa hiyo mhusika wako wa 1895 akisema "sina hela" umeharibu, aseme sina pesa, hiyo ilikuwa sarafu ya shaba kweli. Nilikuwa nimeandika hela mara kumi na moja sura ya kwanza ya mwaka 1899, nikazitoa moja moja kwa mkono.

Shule nayo ni Kidachi, kabla yake ni chuo, cha Kurani. Wajerumani wenyewe waite Wadachi kama walivyoitwa. Sehemu ya serikali ni boma. Watu wa pwani barua zao za mapenzi na za biashara waliandika kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu ila hati za Kiarabu, kwa hiyo binti wa Kivinje aliyekaa chuoni anaweza kusoma barua ambayo karani wa mishonari haisomi, na kijana wa vilimani akaipeleka shingoni siku mbili bila kujua imeandikwa nini. Hapo una ploti nzima bure.

Kuhusu "nakupenda", jamani punguzeni. Wangu hawasemi mpaka ukurasa wa 212. Wanatumiana tambuu, anamwachia maji ya kunywa kwenye kata iliyosuuzwa mara mbili, kijana anaona imesuuzwa mara mbili, basi inatosha.

Nguo na usafiri?

Kwa kifupi. Kaniki, ile nguo nyeusi, kwa mtumwa na maskini, merikani, kitambaa cheupe cha pamba, kanga zilikuwepo toka miaka ya 1880 hivi na misemo ya mwanzo ilikuwa kwa hati za Kiarabu, kwa hiyo binti kuvuliwa kaniki akavikwa kanga ni habari kubwa kijijini. Reli ya kati ilianza kujengwa 1905, Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Msiwatoroshe wapenzi kwa gari moshi kwenda Tabora mwaka 1906, hakuna reli. Wapandishwe jahazi.

Naweza kuandika mapenzi ya afisa wa Kidachi na binti wa Kiafrika?

Unaweza, ila mimi nitakuuliza swali moja: binti akisema hapana nini kinatokea? Kama kwenye hadithi yako hakuna kinachotokea basi umeandika nchi nyingine. Wanaume wa Kizungu waliishi na wanawake wa hapa, wengi tu, na mwaka 1906 ndoa za namna hiyo zikapigwa marufuku kwenye koloni hili. Yaani kulala naye ruksa, kumuoa marufuku. Ukiiandika hiyo wazi, na ukampa yule mwanamke akili yake na hesabu zake na ndugu zake wanaomtegemea, nitaisoma. Ukiandika macho ya bluu na mwezi juu ya bahari sitaisoma, naomba radhi.

Na mpenzi akiwa askari?

Hii ni ngumu zaidi na naona ni nzuri zaidi. Askari wa Wissmann, kamanda wa Kidachi aliyepigana na Abushiri, wa 1889 waliletwa wengi kutoka Misri, Wasudani, na wengine kutoka Msumbiji, baadaye wakaandikishwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Wengi wa waliochoma vijiji ni watu weusi kama sisi na walikuwa na wake na watoto wanaotembea nao. Msimfanye shetani wala msimsafishe. Mwandikeni anavyorudi jioni nguo zinanuka moshi wa ghala la mtu mwingine na mkewe anapokea mtama aliouleta, anaupika, wanakula.

Niwatumie watu wa kweli?

Watajwe, wapite, lakini msiwatungie mapenzi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu kung'oa pamba Nandete mwishoni mwa Julai, kwa hiyo vita karibu yote ilipiganwa yeye hayupo. Songea, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa watu zaidi ya 60, manduna (wakuu wa vita wa Wangoni) na wapiganaji, na Nduna Songea Mbano naye akanyongwa siku chache baadaye. Yumo mwanamke pia, Nkomanile. Wajukuu wao wapo na kila Februari wanakusanyika palepale Songea. Mimi niliposimama kwenye kaburi lile la pamoja niliamua kwamba wapenzi wangu watakuwa watu ambao hakuna anayewajua, wabeba nta na watwanga mtama, na mashujaa nitawaacha na majina yao.

Habari nazipata wapi?

Anza na wazee wa kwenu leo, siyo likizo ijayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 kiliwatuma wanafunzi vijijini kuwarekodi wazee waliokuwa bado hai na kazi ile ni hazina, tafuta maktabani. Nyaraka za Taifa Dar wana mafaili ya Wadachi, mwandiko wao unachosha macho ila yapo. Makumbusho ya Maji Maji Songea nenda mwenyewe. Na tenzi zilizotungwa na watu wa pwani miaka ileile zisomeni kwa sauti, mtapata mdundo wa sentensi za wakati ule.

Je, iishe vizuri? Wasomaji wanapenda waoane

Jueni kwanza vita iliishaje. Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 watu walikwenda mbele ya bombomu, bunduki za rashasha, wakiamini maji, wakafa mamia. Baada ya hapo Wadachi wakageukia chakula, wakachoma vijiji, mashamba, maghala, wakachukua mtama wa mbegu. Njaa ndo iliyoua wengi, makadirio ni kuanzia watu 75,000 na wapo wanaofikisha 250,000 na hata 300,000, na sehemu nyingine pori likarudi mpaka mlangoni. Kwa hiyo ukitaka waoane waoane, ila harusi yao italiwa nini? Anza hapo, na chungu. Kusini wakati wa njaa watu walichimba ming'oko porini, na mizizi mingine ambayo usipoijulia kuiandaa inaua. Ukimwandika mwanamke amekaa na chungu cha mizizi anaimwaga maji mara ya tatu, watoto wanalia njaa na hawezi kuwapa bado, umeandika vita yote.

Wewe yako inaishaje? Tuambie tu

Sawa, nawaambia kidogo. Yule binti wa Kivinje anajifungua kwenye siku zile za mwisho wa mwaka, baba wa mtoto haijulikani alipo, njia ya vilimani imefungwa. Mkunga ni mwanamke mzee, mtumwa wa nyumba hiyohiyo, na watu wawili tu ndo wanajua mtoto alilia lini. Miezi inapita wanaitwa barazani, bwana kakaa pale na kanzu yake, karani kafungua daftari kachovya kalamu, anamuuliza yule mzee, mama, mtoto huyu kazaliwa mwaka uliokwisha au mwaka huu? Na yule bibi ambaye miaka sitini hajawahi kusema uongo mbele ya bwana wake anamtazama mtoto, anafunga vizuri kaniki yake kifuani, anajibu, "Mwaka huu, bwana. Jua lilikuwa limeshatoka."